Nilivyochagua kompyuta ya mezani ya kuediti video za harusi

Kila niliyemuuliza kompyuta ipi inafaa kuediti video alinijibu kwa jina la prosesa. "Chukua i7." "Tafuta i9, dada, utasahau shida." Hakuna aliyeniuliza tunarekodi kwa kamera gani. Mimi naediti harusi na sendofu hapa Morogoro, futeji zinatoka kwenye kamera mbili zisizofanana, na ni moja tu kati ya hizo iliyokuwa ikigandisha laptopu yangu. Nikaamua kuanzia hapo.

Kamera ya kwanza ni Sony A6400. Hiyo haikuwa na neno: 4K yake ni H.264 (njia ya kubana video) ya biti 8, na hata laptopu iliyochoka huicheza bila kulalamika sana. Ya pili ni Canon R6, na kijana ninayeshirikiana naye kurekodi hapendi kuitumia bila C-Log, mpangilio wa Canon wa kurekodi picha iliyopauka. Simlaumu. Shela jeupe na suti nyeusi chini ya taa za ukumbi zinazobadilika kila dakika vinahitaji nafasi ya kurekebisha mwanga baadaye. Lakini ukiwasha C-Log, R6 hurekodi H.265 ya biti 10, yenye mpangilio wa rangi wa 4:2:2, na hapo ndipo taimulaini ilipokuwa ikikwama kama daladala kwenye foleni.

Hizo namba za rangi zinastahili maelezo kidogo, maana zilinisaidia kuokoa pesa. Kamera huhifadhi mwanga wa kila nukta ya picha, ila rangi huipunguza ili faili lisiwe kubwa. Kwenye 4:2:0 inabaki robo ya taarifa za rangi, kwenye 4:2:2 inabaki nusu. Kompyuta inapocheza video iliyobanwa namna hii haitegemei nguvu ya jumla ya prosesa peke yake. Kuna kipande maalumu ndani ya chipu kinachofanya kazi ya kufumbua kodeki, yaani ile njia iliyotumika kuibana video. Kama kipande hicho hakiijui aina ya faili lako, mzigo wote unaiangukia prosesa na picha inaanza kurukaruka. Kadi nyingi za grafiki za NVIDIA hazifumbui H.265 ya 4:2:2 kabisa. Uwezo huo umeingia na kizazi cha RTX 50, mwaka 2025. Grafiki iliyomo ndani ya prosesa za Intel Core za kizazi cha 12, ile teknolojia yao ya Quick Sync, inaifumbua bila shida. Kwa hiyo kwa faili za R6, kipande kidogo ambacho wauzaji hawakitaji kabisa kinaweza kuishinda kadi ya bei mbaya.

Nikaenda Dar na fulashi yenye klipu za harusi halisi, za kamera zote mbili. Ushauri wangu kwa yeyote ni huo: usijaribu kompyuta kwa video za muuzaji. Zake siku zote zinacheza vizuri.

Duka la kwanza Kariakoo nilipokewa kwa shangwe. "Dada yangu, hii hapa i7, haina mpinzani."

"Kizazi cha ngapi, kaka?"

"i7 ni i7, dada."

Ilikuwa i7-4770, chipu ya mwaka 2013, imefungwa kwenye kasha jipya lenye kioo ubavuni na taa za kila rangi. Chipu hiyo haimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11, na Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Nilimshukuru nikatoka. Taa sizichukii, ila pesa yake bora niiongeze kwenye RAM.

Pendekezo lililonipa kazi ya kufikiri lilitoka kwa fundi mmoja mtu mzima, anayeuza mashine za ofisini zilizotumika kutoka nje. Alinionyesha HP Z440, prosesa Xeon (aina ya Intel ya mashine za kazi nzito), RAM gigabaiti 64. Ni mashine ya maana: chuma kizito, pawa saplai ya uhakika, nafasi nane za RAM, na kwa bei yake hupati kitu kipya chenye ukubwa huo. "Mwanangu, hizi zilitengenezwa zifanye kazi usiku na mchana," aliniambia, na hakunidanganya. Ninamjua mtu anayetengeneza katuni za 3D kwenye Blender kwa mashine ya namna hiyo, na hataki kusikia habari nyingine. Lakini Xeon za familia ile hazina grafiki ya ndani, kwa hiyo ufumbuaji unategemea kadi iliyochomekwa. Tulipochomeka fulashi, klipu za Sony zilienda, za R6 zikaanza kudundadunda. Tukafungua Task Manager, kwenye ukurasa wa GPU, yaani grafiki, kuna grafu iitwayo Video Decode. Kwa klipu za Sony ilipanda. Kwa za Canon ilibaki sifuri, huku prosesa ikihema. Mzee mwenyewe aliitazama ile grafu, akasema, "Basi hii si yako."

Mac mini ya M4 niliipima pia, tena kwa dhati. Ni ndogo, haipigi kelele, haili umeme, na inaanzia na RAM gigabaiti 16. Kilichonirudisha nyuma ni kwamba RAM hiyo haiongezeki baada ya kununua, na diski ya ndani ya gigabaiti 256 kwa kazi ya harusi inajaa kabla ya keki kukatwa. Mtu anayeediti video fupi za mitandaoni peke yake ningemwambia aichukue bila kusita.

Mwisho nilifungiwa mashine kwa vipande, na bajeti ilikuwa milioni 3.5 pamoja na moniti. Prosesa ni Core i5-12500. Kuna i5-12400F iliyo nafuu, na duka zima lilinisukumia hiyo, lakini herufi F mwishoni maana yake haina grafiki ya ndani, yaani ningelipa na kubaki pale pale. Na kati ya 12400 ya kawaida na 12500 nilichagua ya pili kwa sababu grafiki yake, UHD 770, ina injini mbili za video, ile nyingine ina moja. Kadi ni RTX 3060 ya gigabaiti 12, kwa ajili ya kusahihisha rangi, kuondoa chengachenga za picha za usiku na kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika. RAM 32, vipande viwili vya 16, ili nafasi mbili kwenye madabodi zibaki wazi.

Diski ndizo watu wanaozikadiria vibaya. R6 kwenye C-Log, 4K ya fremu 25, huandika takriban megabiti 170 kwa sekunde. Hiyo ni kama gigabaiti 76 kwa saa. Sony kwa megabiti 100 inakula 45. Harusi inayoanzia kanisani saa nane mchana ikaishia ukumbini saa sita usiku, hata kama kila kamera imerekodi saa tano tu za kweli, ni gigabaiti zaidi ya 600 kwa shughuli moja. Kwa hiyo: SSD ya NVMe (diski ya kasi) ya terabaiti 1 kwa kazi inayoendelea, diski ya kawaida ya terabaiti 4 ndani kwa zilizokwisha, na nyingine ya nje yenye nakala, ambayo hailali nyumba moja na kompyuta. Mama wa bibi harusi anaweza kurudi mwaka mzima baadaye akiulizia dakika mbili za shangazi aliyefariki.

Kuhusu moniti nitasema moja tu: kaa ubavuni uitazame. Rangi ikigeuka, iache, hata wakikupa bure keyboard na mausi. Nilichukua ya IPS, aina ya kioo kisichobadili rangi ukikitazama ubavuni, inchi 24, inayofikisha sRGB kamili, yaani kipimo cha kawaida cha rangi za skrini. Sare za kamati huchaguliwa rangi kwa vikao vitatu; zikitoka tofauti kwenye video utasikia.

Umeme nao nilitengea fungu mapema. UPS ndogo zinazouzwa kila kona, zilizoandikwa 650VA, kwa kawaida hutoa wati kama 360, na mashine yenye kadi ya wati 170 ikirenda kwa nguvu huku moniti ikiwaka inakaribia hapo. Nilinunua ya 1000VA. Haiendeshi kazi, inakupa muda wa kusevu na kuzima kwa heshima.

Kurudi Morogoro kwa basi, nilimwomba fundi aichomoe kadi ya grafiki na kuifunga peke yake. Kadi nzito ikining'inia kwenye madabodi, matuta ya barabarani yanaweza kuivunja sehemu inapochomekwa.

Na usiku huo nilipoichomeka nikafungua klipu za R6, grafu ya Intel haikuonekana kabisa kwenye Task Manager. Madabodi nyingi huizima grafiki ya ndani zenyewe zikiona kadi nyingine imechomekwa. Unaingia BIOS, ile menyu ya madabodi kabla Windows haijawaka, unatafuta mpangilio wa kuruhusu grafiki zote mbili ziwe hai, unasevu, unawasha upya. Kisha kwenye Premiere Pro, programu ninayoeditia, upande wa mipangilio ya midia, unahakikisha ufumbuaji wa Intel umewekewa alama. Baada ya hapo tabaka mbili za R6 na moja ya Sony zilicheza pamoja, rangi zikiwa zimeshawekwa.

Kuondoa chengachenga bado kunachukua muda wake, hasa picha za ukumbi wenye taa hafifu. Hapo nawasha kurenda naenda kulala. Kijana wangu wa kamera sasa anataka turekodi fremu 50. Nimemwambia kwanza anunue diski.