Usiku Roger Gracie Alipopigana Mara ya Mwisho

Roger Gracie, bingwa wa jujitsu ya Kibrazili, mchezo wa kukabana mpaka mmoja akubali kushindwa, alipigana pambano lake la mwisho Jumapili tarehe 23 Julai 2017, Rio de Janeiro, mji aliozaliwa. Sisi tulikuwa mashariki mwa London, kwenye ukumbi wetu wa mazoezi ulio chini ya matao ya reli, tumejipanga kwenye mikeka kama watu wanaosubiri muhadhara. Profesa alikuwa ameunganisha kompyuta yake na projekta, picha ikitua kwenye ukuta wa matofali. Treni ikipita juu, ukuta mzima unatetemeka na Rio yote nayo inatetemeka.

Tulimwita kocha wetu Profesa kwa sababu ndivyo Wabrazili wanavyomwita mwalimu wa jujitsu, awe na digrii asiwe nayo. Alikuwa mtu wa Rio, mkanda mweusi, enzi zake akishindana. Tangu Ijumaa hakuwa na utulivu. Alikuwa ameleta vimikate vya jibini vya kwao, akavisahau ndani ya mfuko mpaka tulipomkumbusha.

Na alikuwa na haki ya kukosa utulivu. Roger alikuwa na miaka 35. Mara ya mwisho kushiriki mashindano ya dunia akiwa na gi mwilini, yaani lile vazi la mchezo lenye koti na kola, ilikuwa mwaka 2010, na katikati hapo alikwenda kwenye ngumi za mchanganyiko, akapita ligi ya UFC ya Marekani, na mwaka 2016 akatwaa mkanda wa ubingwa wa ligi ya ONE kule Asia. Mpinzani wake, Marcus Almeida, ambaye watu wote wanamwita Buchecha, alikuwa na miaka 27 na ndio kwanza ametoka kushinda dunia tena mwezi Juni, uzito wake na lile shindano la wazi lisilojali kilo. Kwa ushindi huo alifikisha mataji 10 ya dunia ya mkanda mweusi, sawasawa na Roger. Walishakutana mara moja, California mwaka 2012, wakasukumana dakika 20 na kutoka sare. Kwa hiyo hesabu ilikuwa imesimama katikati, na wengi walimpa Buchecha. Ni mwepesi kwa mtu wa mwili ule, anaruka, anapinduka, anafanya mambo ambayo mtu wa kilo zaidi ya 100 hatarajiwi kuyafanya.

"Roger hana hata kimoja cha hivyo," Profesa alituambia wakati tunasubiri. Alisema kwa heshima, na akaanza kutupa historia ambayo wengine tulishaisikia, lakini hakuna aliyemkatiza.

Roger ni mjukuu wa Carlos Gracie upande wa mama. Huyo Carlos ndiye aliyejifunza kwa Mjapani Mitsuyo Maeda kule Belém, kisha akafungua chuo Rio mwaka 1925. Baba yake Roger, Maurício Motta Gomes, ni mmoja wa wachache waliovishwa mkanda mweusi na Rolls Gracie kabla Rolls hajafa mwaka 1982. Mtoto wa nyumba kama hiyo ungetegemea azaliwe anapigana. Haikuwa hivyo. Alikuwa kijana mnene, mzito, na mchezo haukumjia kirahisi. Alianza kuuchukulia kwa uzito ujanani, mkanda mweusi akaupata mwaka 2003. Baba alikuwa ameshahamia Uingereza kufundisha, mwana akamfuata, na mwaka 2004 wakafungua chuo London. Kwa hiyo miaka ile yote aliyokuwa akienda kuchukua dhahabu za dunia alikuwa tayari mwalimu hapa mjini, na siku ya kawaida alikuwa mbele ya wanafunzi waliotoka kazini.

Profesa alipenda kusimulia mwaka 2004. Fainali ya wazi ya dunia, Roger dhidi ya Ronaldo "Jacaré" Souza. Roger akamnasa mkono, akaunyoosha, ukavunjika. Jacaré hakukubali kushindwa. Aliuchomeka ule mkono ndani ya mkanda wake, akamkimbia Roger hadi muda ukaisha, akashinda kwa pointi alizokuwa nazo. Profesa alituambia kuwa wenzake wote walitoka hapo wakimsifu Jacaré, na walistahili kumsifu, lakini yeye alibaki anamwangalia yule kijana mrefu aliyepoteza. Hakulalamika kwa refa wala kwa mtu.

Kisha ukaja mwaka 2009. Hapa Profesa hupandisha sauti. Mwaka ule Roger alishinda uzito wake na shindano la wazi, na kila aliyekutana naye alimmaliza kwa kabali ileile moja: anakaa juu ya kifua cha mtu, anaingiza mkono wa kwanza ndani ya kola, wa pili unapita upande wa pili, viwiko vinashuka, basi. Hiyo ni kabali ambayo mtu hufundishwa wiki ya kwanza. Mabingwa waliopambana naye walikuwa wakiifundisha wao wenyewe kwenye vyuo vyao. Walijua inakuja, walijua inapitia wapi, ikawakuta vilevile.

Mimi nilisikiliza yote hayo nikiwa na mkanda mweupe wa wanaoanza, wenye mistari michache na jambo langu ambalo Profesa peke yake alilijua.

Kabla sijahamia Uingereza, alfajiri moja Manzese, Dar es Salaam, nikiwahi daladala, nilipigwa roba. Aliyewahi kupigwa roba ya mbao hahitaji kuelezwa. Mkono unatoka nyuma, mfupa unalala juu ya koromeo, visigino vinaachana na ardhi, na mwenzake anapekua. Walichukua pochi na simu. Shingo ilipona ndani ya wiki, lakini mabega hayakupona. Miaka mingi baadaye, kwenye foleni ya duka la London, mtu akisimama karibu mno nyuma yangu mabega yalipanda yenyewe mpaka masikioni. Nilianza jujitsu kwa ajili hiyo, na ndani ya jujitsu nililikwepa hilohilo. Tukifika kwenye mazoezi ya kukabana kutoka mgongoni, Profesa alinipanga niwe mshambuliaji, na zamu ikigeuka alinipa kazi nyingine. Hakuwahi kunisemesha mbele ya watu. Namheshimu kwa hilo kuliko kwa ufundi wake wote.

Pambano likaanza.

Pembeni yangu alikaa kijana wa Uvira, Kongo, mkanda wa zambarau, ambaye alinizoea kwa sababu ya Kiswahili. Aliniinamia akasema, "Mama, usiangalie miguu. Angalia mikono yake tu, namna inavyoshika." Nikafuata ushauri wake. Buchecha alikuwa akisukuma, akivuta, akibadilisha kasi. Roger, urefu wa mita 1.93, alisimama wima kama mtu anayesubiri basi analojua litafika. Mikono yake ilishika kola na haikuachia. Alishika, akangoja, akashika vizuri zaidi.

Jinsi alivyofika mgongoni sitaisimulia hatua kwa hatua. Wengine wameshaichambua picha kwa picha. Mimi nilichoona ni kwamba ghafla Buchecha alikuwa mbele na Roger nyuma yake, mguu mmoja umeshaingia, halafu wa pili. Ukumbi wetu ulisimama. Nikahisi mabega yangu yakipanda. Nilitaka kuangalia pembeni, lakini sikuangalia pembeni, kwa sababu kulikuwa na kitu pale ukutani ambacho sikuwahi kukiona: mtu amekaa nyuma ya mwenzake, amemkaba, na usoni mwake hamna hasira hata chembe. Hakuna kukurupuka. Roger alirekebisha mkono kidogo, kama fundi cherehani anayenyoosha kitambaa kabla ya kushona, kisha akakaza. Buchecha, mtu mwenye nguvu kuliko wote duniani kwenye mchezo huu wakati ule, alitafuta njia, hakuiona, akagonga kwa mkono, yaani akakubali kushindwa. Hata dakika 10 hazikuwa zimetimia.

Kelele zilizopigwa chini ya lile tao sidhani kama zimewahi kupigwa tena. Profesa hakupiga kelele. Alikaa chini, mikono juu ya magoti, akawa analia bila kujificha. Roger alipotangaza palepale kwamba anastaafu, Profesa alitikisa kichwa kukubali, kama vile yeye ndiye aliyeombwa ruhusa.

Watu wakaanza kukusanya viatu. Usiku ulikuwa umekwenda na wengine tulikuwa na zamu asubuhi. Mimi nilitakiwa kwenye nyumba ya wazee saa moja. Nikamfuata Profesa pale alipokuwa anakunja nyaya nikamwambia, "Nifundishe ile."

Aliniangalia. "Kukaba?"

"Kukabwa."

Hakuuliza zaidi. Alizima projekta, akawasha taa zote za ukumbi, akamwita kijana wa Uvira akae karibu ili niwe na mtu ninayemjua mbele ya macho yangu. Kisha akanieleza yote kabla hajanigusa, na maelezo yale ninayo hadi leo.

Roba ya vibaka, alisema, inabonyeza koromeo. Inauma, inatisha, mtu anapapatika. Kabali ya mchezo wetu inapita pembeni. Inabana ile mishipa miwili ya kulia na kushoto inayopeleka damu kichwani, na ikikaa sawasawa mtu huzimia ndani ya sekunde chache bila koromeo kuguswa. Kwa hiyo ukikabwa kutoka nyuma una muda mfupi, na muda huo usiutumie kuvuta hewa wala kurusha viwiko. Utumie kushika mkono. Mikono yako yote miwili ishuke kwenye kifundo cha mkono mmoja, ule unaopita juu ya bega lako, kwa sababu huo ndio unaoua. Ule mwingine unaopita chini ya kwapa uuache, hauwezi kukuua peke yake. Ukishaushika, elekea upande wa ule mkono wa kwapani, telezesha mgongo mpaka mabega yako yalale kwenye mkeka. Mgongo wako ukigusa mkeka, yeye hana tena mgongo.

Ndipo akakaa nyuma yangu. Sikusubiri hata mkono ufike. Niligonga mkeka, naye akaachia mara moja, akanyanyua mikono yake juu nikaiona. Tukakaa. Akarudi. Nikagonga tena. Kijana wa Uvira mbele yangu hakusema pole wala jikaze. Alikuwa akihesabu pumzi zake kwa sauti ili nifuate. Tulirudia, na kila nilipogonga mikono ile iliachia papo hapo, mpaka mwili wangu ukaanza kuamini jambo ambalo masikio yalishaambiwa zamani: hapa nikisema basi, ni basi. Manzese nilipiga ule mkono kwa ngumi zangu zote na haukuachia.

Halafu ikaja mara ambayo sikugonga. Mkono ulifika, nikaona ngozi yake yenye alama za miaka ya kushikwa, nikaweka vidole vyangu vinne juu ya kifundo chake, mkono wa pili ukafuata. Nikauvuta chini mpaka kifuani. Nikahisi pumzi yangu ipo. Nikatelezesha bega, nikakwama, nikatelezesha tena, na mkeka ukanigusa mgongoni, baridi, kupitia kitambaa cha gi. Nikamgeukia Profesa uso kwa uso. Alikuwa anatabasamu na macho bado mekundu.

"Tena," akasema.

Tuliondoka pale usiku wa manane. Kijana wa Uvira alinisindikiza hadi kituo cha basi, njia nzima akibishana peke yake kama Buchecha angeweza kutoka endapo angeushika ule mkono mapema. Alikuwa na hakika kwamba ingewezekana. Mimi nilimwambia Roger angengoja, angeshika upya.

Nimeishi kuwaona mabingwa wengi wakija baada ya yule, na Buchecha mwenyewe akaongeza mataji mpaka akapita 10. Simpunguzii chochote. Lakini mtu akiniuliza bingwa gani anafaa kuwa kocha wa mtu kama mimi, aliyeanza uzeeni na mwenye mwili usioruka, nitamtaja Roger bila kufikiri. Alishinda dunia kwa vitu ambavyo mama wa Manzese anaweza kufundishwa Jumanne jioni, na alivifanya wazi mbele ya kila mtu. Hajarudi kushindana. Anafundisha, na vyuo vyenye jina lake vimeenea London na nje yake.

Siku hizi nina mkanda wa bluu na Profesa amenipa saa moja ya Jumamosi na kina mama. Wengi ni Wasomali, Wakongo, na mmoja wa Mwanza. Wanawake hawa hawaji kutafuta medali. Siku ya kwanza wanataka kujua ufanyeje mtu akikushika kwa nyuma, na kila mmoja huuliza akinyoosha kidole shingoni, wala hasemi kwa nini anauliza. Siwaulizi. Nawaambia tukae kwanza, niwaeleze mkono upi unaua na upi hauui, kisha kila mmoja anachagua mwenyewe nani akae nyuma yake.