Kompyuta ya mama: herufi moja iliyomfungia nje

Ijumaa usiku

Naandika nisije nikasahau nilichofanya, maana najua mwezi ujao nitaulizwa tena.

Kompyuta yenyewe ni ya mezani, ya mtumba. Imekaa kwenye msana, ule ukumbi mrefu wa ndani, wa nyumba yetu hapa Langoni, Lamu, na ruta, kile kifaa cha intaneti, nimeipachika ndani ya kidaka cha ukutani ambacho marehemu bibi alikuwa akiwekea bakuli zake. Tunaitumia watu watatu: mimi, mwanangu na mama. Mama ana haja nayo moja tu, kumuona dada yangu aliye Maskati, kila siku baada ya Isha.

Hapo mwanzo ilikuwa na akaunti moja isiyo na neno la siri. Ukibonyeza swichi, inaingia yenyewe. Raha tupu, mpaka kijana alipofuta faili langu la hesabu za mashua akitafuta nafasi ya mchezo wake. Nikakata shauri kila mtu awe na akaunti yake. Ile ya zamani nikaifanya yangu, ya msimamizi, nikaiunganisha na akaunti ya mtandaoni ya Microsoft, wenye Windows, mfumo unaoiendesha kompyuta yetu. Ya kijana na ya mama zikawa za kawaida, zisizoweza kusakinisha programu ovyo.

Kumbe hapo ndipo nilipomharibia mama. Windows ikiwa na akaunti moja tu isiyo na neno la siri hupita moja kwa moja. Ukiongeza ya pili, inasimama kwenye majina ikingoja mtu achague. Jana nimerudi nikamkuta amekaa mbele ya skrini mikono mapajani. "Yeo kimenikataa tena," akasema.

Jumamosi

Dawa yake naijua ya zamani: kitufe cha Windows pamoja na R, unaandika netplwiz, linafunguka dirisha lenye akaunti zote. Juu ya orodha kuna kisanduku cha tiki kinachosema kwamba watumiaji lazima waandike jina na neno la siri. Unaichagua akaunti, unaondoa tiki, unaandika neno la siri mara mbili, basi: mashine ikiwaka inaingia yenyewe kwenye akaunti hiyo.

Kwangu kisanduku hakikuwapo. Nimefunga, nimefungua, nimewasha upya, hakuna. Sababu ni kwamba tangu toleo la Windows 10 linaloitwa 2004, lililotoka mwaka 2020, kisanduku kinafichwa ikiwa mashine imewekwa kudai Windows Hello, yaani pini, uso au kidole, kwa akaunti za Microsoft. Nikaenda kwenye mipangilio, upande wa akaunti, kwenye njia za kuingia, nikakizima kile kipengele, nikafungua netplwiz upya. Kisanduku hicho hapo.

Kabla ya hapo kijana mmoja barazani alikuwa amenishauri niiandike kazi yote kwa mkono kwenye rejista, ghala la mipangilio ya Windows: AutoAdminLogon iwe 1, na neno la siri niliweke kwenye DefaultPassword. Inafanya kazi, sikatai, lakini neno la siri linakaa pale uchi, yeyote anayeifungua rejista analisoma. netplwiz hulihifadhi limesimbwa. Si kufuli la chuma, msimamizi mjuzi anaweza kulitoa, ila mwanangu hajafika huko. Bado.

Jumapili

Siku nzima imepotea.

Mashine inawaka, inajaribu kuingia, kisha inasema jina au neno la siri si sahihi. Ukikubali, inakuacha kwenye skrini ya kuingilia. Ajabu ni kwamba ukiandika neno lilelile kwa mkono, unapokelewa bila shida. Nimelibadilisha neno mara tatu. Nimeishuku kibodi, maana chumvi ya hewa ya huku imeshaniulia mbili.

Jumatatu

Nimeipata, na aibu ni yangu.

Nilipoifungua akaunti ya mama niliandika haraka haraka "Nyumbni". Nikaliona kosa, nikalisahihisha kwenye paneli dhibiti likawa "Nyumbani", na skrini ikaonyesha hivyo. Lakini paneli ile hubadilisha jina la kuonyeshwa tu. Jina la kuingilia hubaki lile la siku ya kwanza, na folda iliyo ndani ya C:\Users vilevile. Sasa Jumamosi netplwiz iliponiletea dirisha la neno la siri, jina lilikuwa limeshajazwa "Nyumbni". Nami kwa ujuzi wangu nikaongeza ile "a". Dirisha lile halihakiki chochote; ungeandika jina la paka lingekubali. Kila ikiwaka, mashine ilikuwa ikimbishia hodi mtu asiyekuwepo.

Kilichonifumbua macho ni kuingia kwa mkono kwenye akaunti ya mama, nikafungua dirisha la amri, nikaandika whoami, amri ya kuuliza "mimi ni nani". Jibu: jina la kompyuta, alama ya mkwaju, kisha nyumbni. Na lilikuwa limeandikwa hivyohivyo kwenye orodha ya netplwiz muda wote, macho yangu yanalipita tu.

Nimerudia kazi kutoka kwenye akaunti yangu, safari hii jina sikuligusa. Nikawasha upya mara mbili, zote zimeingia. Nikitaka akaunti yangu natoka kwenye ya mama, orodha inakuja. Folda nimeiacha na kosa lake. Kuibadilisha ni kazi ya kuvunja mengine.

Kwenye BIOS, mipangilio ya mashine yenyewe inayofunguliwa kabla ya Windows, kuna pa kuiamuru mashine ijiwashe umeme ukirudi. Nimepaona, sikupagusa. Umeme wa huku ukirudi hurudi mara tatu kabla ya kutulia, na sina betri ya akiba. Kitufe atabonyeza mama mwenyewe.

Jumanne

Nimetoka msikitini baada ya Isha, naisikia sauti ya dada yangu tangu nikiwa kwenye daka, pale mlangoni. Nimeingia kuangalia kama picha iko sawa. Mama ameniambia nisogee, namziba.