Nilinunua mota mpya, kumbe shida ilikuwa farumi

Basi mi nina hii boti ya rimoti, bodi ya plastiki, urefu sentimita 60, ilikuja na mota ya brashi na betri ya volti 7.4, ukiikoleza yote inaenda kama inasindikiza jeneza. Hapa Lamu tuko watu watano tu wenye huu wazimu, Jumapili asubuhi maji yakishajaa tunatega mitungi mitatu ya lita 5 iwe maboya, mizunguko sita, wa mwisho ananunua mahamri na chai ya wote. Nimenunua mahamri mpaka mama muuzaji akadhani nimefungua hoteli.

Nikasema potelea mbali, nabadilisha kila kitu. Nikaagiza mota ya brashilesi, yaani isiyo na brashi, ya kv 2000, spidi kontrola (ile ya kugawa umeme wa mota) ya ampia 60 yenye kupozwa na maji, betri ya LiPo ya seli tatu yaani volti 11.1, shafti ile ya waya inayopinda, ya kuzungusha propela, na propela yenyewe ya milimita 40. Mzigo ukaja na basi mpaka Mokowe halafu ukavuka na boti, nikaupokea gatini kama mtu anayepokea bibi harusi. Kwa wasiojua, kv ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja, kwa hiyo 2000 mara 11.1 unapata 22,200 kabla propela haijashikana na maji. Hesabu tamu sana ikiwa bado iko kwa karatasi.

Kufunga kulinichukua siku nne, na kosa la kwanza nililifanya hapohapo. Ile shafti ya waya ikikazwa na mota inajifinya inakuwa fupi kidogo, kwa hiyo huku nyuma kwa propela unatakiwa uache nafasi kama milimita 3, mi nikaibana kabisa nikijisifu eti kazi safi haina mwanya, dakika mbili tu majini bushi, ile pete inayoshika shafti, ikaungua ikaanza kulia kama paka. Bushi nyingine, grisi nyingine, na siku hizi naichomoa shafti naipaka grisi kila nikitoka majini.

Siku ya pili ndo aibu yenyewe. Nikaikoleza, boti ikainua omo, yaani pua yake, juu, ikapiga chini, ikainua tena, ikipigapiga hivyo kama pomboo mpaka upepo ukaingia chini yake ikapinduka miguu juu. Bahati nzuri ndani nilikuwa nimejaza vipande vya lile povu jeupe la maboksi ya samaki, haikuzama, na risiva, kile kidude kinachopokea rimoti, nilikuwa nimeivalisha puto nikafunga mdomo, maji hayakuingia. Kijana mmoja akaiogelea. Kushika mota, moto huo huwezi kuweka kidole! Propela ya 40 ilikuwa kubwa kwa mota ile, inavuta umeme mwingi kuliko inavyoweza, halafu mrija wa kupozea ulikuwa umezibwa na mchanga. Nikashuka propela ya 37, nikazibua mrija, sasa sichezi kabla sijaona maji yanachirizika pale ubavuni. Joto likaisha, lakini kupigapiga kukabaki vilevile, na mi akili yangu yote iko kwa mota, nafikiria hata kuongeza seli ya nne.

Ami yangu alikuwa fundi wa majahazi Matondoni, siku hizi macho yamechoka, anakaa zake barazani na kahawa. Nilipita na boti kwapani akaniita, akaishika, wala hakuuliza mota ya nini, akaiweka juu ya vidole viwili akaitikisatikisa.

"Farumi yako umeitia wapi?"

Farumi ni ule uzito unaowekwa ndani ya chombo kitulie majini. Nikamwambia ami hii haina farumi, ni ya umeme.

"Na hili betri ni nini? Chombo hichi chalemea tezi, mwanangu. Wewe huoni vijana kwenye mashindano ya mashua wanavyohamisha magunia ya mchanga?"

Nilitaka ardhi inimeze. Betri nilikuwa nimeisukuma mpaka tezi, yaani nyuma kabisa, kwa sababu waya ni fupi na nilikuwa mvivu kuunga nyingine. Kupima, boti inasimama sawa kwenye vidole sentimita 13 tu kutoka tezi, na kwa bodi ya aina hii yenye chini kama V inatakiwa karibu asilimia 30 ya urefu, yaani 18 hivi. Nikaunga waya ndefu, nikasogeza betri mbele, nikaibana kwa velkro ili niweze kuisogeza tena. Halafu nikaivuta kidogo upande wa kulia, manake propela ikizunguka kwenda kulia bodi inataka kulala kushoto. Mwisho nikalegeza mguu wa shafti nikaupandisha mpaka kitovu cha propela kikawa usawa mmoja na chini ya bodi, nusu ya propela iwe ndani ya maji nusu nje, na shafti ilale sambamba na bodi isielekee chini.

Nilipopima mara ya kwanza na saa ya simu, boti ilivyokuja toka dukani, mita 50 ilikwenda sekunde 9. Sasa ni 5, ukipiga hesabu ni kilomita 36 kwa saa, na inalala juu ya maji kama imepakwa mafuta.

Jumapili iliyofuata nikaongoza mizunguko minne, wa tano mwani ukajisokota kwa propela, nikaishia wa pili. Mahamri akanunua mwingine, nikala sita.

Kurudi nyumbani ikabidi niisuuze yote kwa maji ya kisima, manake chumvi yetu haina huruma na chuma, ukilala nayo usiku mmoja tu asubuhi maberingi yanagoma. Ami alikuwa palepale barazani, akaniangalia nasuuza, akauliza, "Hiyo rimoti, mtu asiyeona mbali aweza kuiendesha?" Jumapili hii anakuja, nimeshamwekea kiti.