Mradi wa breki umesimama, lakini nati ya kufuli imetoka

Imetoka. Ile nati ya kufuli (nati ya kuzuia wezi wa magurudumu, inayofunguka kwa ufunguo wake maalumu tu) ya gurudumu la nyuma kushoto iko juu ya benchi, pete yake imepasuka vipande viwili, na bega langu la kulia linanidai. Naandika mapema kabla mpangilio haujanitoka kichwani.

Nilitaka kung'oa magurudumu nibadilishe pedi za breki, lakini gari hili lilikuja kwangu bila ufunguo wa nati. Nimepekua kwenye tairi la spea, mkoba wa jeki, chini ya zulia la buti, mifuko ya milango, hadi chini ya viti. Kadi yenye namba ya ufunguo nayo haipo, kwa hiyo kuagiza mwingine kwa namba ilikuwa ndoto. Magurudumu matatu hayakunisumbua: soketi ya kung'olea, yenye meno ya msokoto ndani, ikagongelewa, bomba refu, kraa, basi.

La nne ndilo lililokula muda. Aliyekuwa na gari kabla yangu alichanganya seti, na hapo akafunga nati yenye pete inayozunguka. Ukiitazama haraka ni nati ya duara tu. Kumbe duara hilo ni pete iliyovishwa juu ya kiini, yaani nati yenyewe, haijashikamana nacho. Ufunguo halali huingia usoni, kwenye mfereji mwembamba wenye mawimbi uliochongwa kwenye kiini. Soketi ikiuma kwa nje, inauma pete, na pete inazunguka bure kiini kikiwa hakina habari. Walioibuni walimfikiria mtu mwenye soketi kama yangu, na walimfikiria vizuri. Nawachukia kwa heshima zote.

Nilivyovuta bomba mara ya kwanza ilikwenda laini kabisa, hata nikaanza kutabasamu. Kuchungulia ndani, pete inang'aa kama imesuguliwa na kiini kimetulia palepale.

Nilizipima njia nyingine. Kuchomelea nati kubwa usoni pa kiini huwa kunafanya kazi, lakini sitaki joto la namna hiyo karibu na tairi lenye upepo, wala karibu na rimu ya aloi. Moto wa gesi, jibu ni hilohilo. Grenda haifiki: nati imezama ndani ya shimo la rimu, na nafasi kati yake na ukuta haipitishi hata kidole. Kutoboa kiini chote mpaka kwenye bolti ya habu niliweka kuwa njia ya mwisho kabisa, maana kiini ni kigumu na biti ikikwepa kidogo unaharibu bolti yenyewe.

Ikabaki pete. Isipokuwepo, kiini kinakuwa chuma cha duara cha kawaida, na chuma cha duara soketi yangu inakiweza.

Nikaviringisha bati jembamba ndani ya shimo kulinda rimu, kisha nikaanza kutoboa pete kwa mbele, mashimo mawili yanayotazamana, nikifuata unene wa pete bila kugusa kiini. Tatizo la pili: pete inataka kuzunguka na biti. Nilipigilia kabari ndogo ya chuma kati ya pete na lile bati, ikatulia. Hapa biti ndiyo kila kitu. Biti za kawaida zililia tu na kukisugua chuma mpaka kikang'aa. Za kobalti zikala. Nina M35, yenye kobalti asilimia 5, na M42 yenye asilimia 8. M42 inakata vizuri zaidi lakini ni dhaifu ukiiyumbisha, kwa hiyo kwa drili ya mkononi mimi naichagua M35. Mwendo wa polepole, mafuta, na uzito wa mwili. Ukiona moshi mwingi, unachoma biti, hukati.

Baada ya hapo tindo nyembamba kwenye shimo, miwani usoni, nyundo. Pete ikapasuka upande mmoja, kisha wa pili, nikavitoa vipande kwa koleo ya mdomo mrefu.

Kuhusu kung'oa kiini: gari liwe chini, si kwenye jeki, na nati nyingine zote zibaki zimekazwa. Wengi huzifungua kwanza, halafu mzigo wote wa kubana rimu unahamia kwenye nati moja ile iliyogoma. Mimi niliongeza hata kidogo mkazo wa jirani zake ili kuipunguzia. Soketi chagua ile inayokataa kuingia kwa milimita tu, kisha ilazimishe kwa nyundo. Vuta kwa uzito unaoongezeka taratibu, usishtue. Ilitoa mlio mmoja mkavu, ikaanza kuja.

Mashine ya upepo sikuigusa, na kwenye nati za kufuli siipendi kabisa. Zile kuta nyembamba za ufunguo hazikuumbwa kwa mapigo hayo. Mafundi wengi wa matairi wanaitumia kwa kufungua na kukaza, ndiyo maana funguo nyingi zinavunjika meno.

Nati ikibaki imeng'ang'ania ndani ya soketi, ibane kwenye jiriwa na uzungushe soketi kwa upande wa kukaza. Bolti ya habu ilikuwa salama. Nikaipiga brashi ya waya, nati mpya ya kawaida, M12 × 1.5 (uzi wa kipenyo cha milimita 12, hatua milimita 1.5) yenye koni ya digrii 60, ikaingia kwa vidole mpaka mwisho. Zote zimekazwa Nm 103 (newton-mita, kipimo cha mkazo) kama kitabu cha gari kinavyotaka, na nitazipima tena baada ya kilomita 100 hivi.

Pedi za breki bado zimo kwenye boksi. Sababu ni kwamba uso wa kiini umetoka mzima, mawimbi yote yanaonekana, na nimeshaumwagia plasta kupata umbo la ufunguo wake. Kwenye gari hakuna tena nati ya kuufungulia. Najua. Lakini nataka kuuona ukiingia. Epoksi ya chuma, ile gundi yenye unga wa chuma, haitastahimili mkazo wowote wa maana, kwa hiyo lazima ufunguo uwe wa chuma halisi. Mwenye mbinu ya kuchonga ukuta mwembamba wenye mawimbi kwa vifaa vya mkono, bila mashine ya kompyuta, anielekeze.