Upepo Ulipo Katika Bahari ya Monet

Jioni hizi nikitoka kazini nachora bahari, na Nairobi iko karibu mita 1,800 juu yake. Bahari yenyewe ni ya Claude Monet, aliyoichora mwaka 1882 huko Pourville, kaskazini mwa Ufaransa: wanawake wawili juu ya jabali lenye nyasi, mmoja na mwavuli, na chini kabisa matanga yametawanyika majini. Mchoro wenyewe uko Chicago. Mimi nina nakala niliyochapishiwa saiba, nikaigawa kwa miraba ya penseli. Rangi za karatasi si za kuaminika, kwa hiyo nafuata zaidi mwendo wa brashi.

Nyasi ndizo zilizonikalisha. Kwa mbali ni kijani. Ukisogea, ni mapigo mafupi yaliyopinda, yenye njano, waridi, hata zambarau, wala hakuna jani lililochorwa likawa jani. Mkono ulipouzoea mpindo ule nikaukuta tena kwenye nguo za wale wanawake, kisha majini. Upepo wote wa picha umo humo! Nilikuwa nimeitazama picha hii miaka na sikuwa nimeuona.

Wapo wanaoniambia kunakili ni kuiba. Siafikiani nao hata kidogo. Fundi wa milango ya Lamu hufuata nakshi za mwalimu wake mpaka patasi imtii, na hakuna anayemwita mwizi.

Eksirei zilionyesha kwamba Monet alilipunguza jabali la upande wa kulia ili bahari na anga vipate mizani. Tangu nijue hilo siwezi kuiacha kona ile. Nalifunika jabali kwa kipande cha karatasi, nalifunua, nalirefusha kwa penseli, na kila mara bahari inabadilika ukubwa.

Baada ya hii nataka miamba ya Tiwi, kwenye pwani yetu. Rangi za Pourville hazitafaa kule. Jua la saa sita hukifupisha kivuli, na mchanga mweupe hulirudisha machoni. Mawimbi nayo huvunjikia nje kwenye matumbawe, maji ya ndani yakatulia, kwa hiyo mapigo ya brashi itabidi yalale. Upepo wa kusi sasa nitaupitishia wapi? Kwenye minazi, nadhani, na kwenye leso za akina mama wanaopita ufuoni.