Nilivyokusanya namba za mtumiaji kwenye LabVIEW bila kuitesa kompyuta

Nakereka kila nikisikia anayeanza LabVIEW (lugha ya kutunga programu kwa kuunganisha michoro na waya) akiambiwa: "Tia Build Array ndani ya kitanzi, kazi imeisha." Yaani kila kitanzi (sehemu ya programu inayojirudia) kikizunguka, Build Array iongeze namba kwenye safu, orodha ya namba. Mimi niliambiwa hivyohivyo, tena nitumie kigeu cha lokali (njia ya kusoma na kuandika thamani bila waya) kusoma safu ya zamani na kuirudisha.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Mtu anasoma geji ya presha kwa macho, anaandika namba kwenye skrini, anabonyeza ONGEZA. Nikafuata ushauri neno kwa neno. Bonyezo moja likajaza namba ileile, 4.2, mstari baada ya mstari, maana kitanzi kilikuwa kinakichungulia kitufe bila kupumua, na feni ya laptopu ikavuma kwa kazi ya kusubiri tu. Nikaambiwa weka nusu sekunde ya kusubiri. Basi anayebonyeza upesi namba yake haiingii kabisa.

Kilichonitoa ni Event Structure, muundo unaosubiri tukio kama bonyezo, kisha unaendesha fremu (sehemu ya msimbo) ya tukio hilo. Kitanzi kinalala, kitufe kikibonyezwa kinaamka mara moja, safu inazunguka kupitia shift rejista (inayobeba thamani kutoka mzunguko mmoja hadi unaofuata), vigeu vya lokali kwaheri. Kitufe kikae ndani ya fremu ya tukio lake, kiwe Latch When Released (kinawaka kikiachiwa, kinajizima kikishasomwa).

Kisha nikaongeza kitufe cha HIFADHI, na kila kikibonyezwa safu inatoweka! Nikawasha balbu ya kufuatilia data, nikaona waya unaingia na namba zote na kutoka mtupu. Siri iko kwenye kijisanduku ambapo waya unatokea kwenye Event Structure: fremu isiyopitishiwa waya, LabVIEW huijazia safu tupu kimyakimya. Bofya kulia, ondoa Use Default If Unwired. Tangu hapo ukisahau fremu yoyote, mshale wa Run (wa kuanzisha programu) unaonekana umevunjika na programu inakataa kuanza kabla hujapoteza hata namba moja. Hili nalipenda mno.

Kwa anayechapa kwa vidole, Build Array juu ya shift rejista inatosha. Nilipounganisha sensa (kihisi kinacholeta namba chenyewe) ndipo nikabadilisha, kwa sababu safu inayokua hulazimika mara kwa mara kutafutiwa eneo jipya la kumbukumbu na kuhamishwa yote. Nilitenga nafasi 100,000 kabla ya kitanzi kwa Initialize Array, zote zikiwa sifuri. Kila namba baiti 8, jumla baiti 800,000 tu. Replace Array Subset inajaza nafasi hizo, kihesabu cha zilizojazwa kinakaa kwenye shift rejista ya pili. Mwishoni kata kwa Array Subset kufuata kihesabu, la sivyo sifuri za mkiani zinaingia kwenye wastani.