Kilengeo cha mbele kilichonipotezea miezi minne

Miezi minne mizima niliambiwa navuta trigga kwa pupa. Kila nikienda kupiga shabaha Kirigiti, pale Kiambu, risasi zangu zilitua chini ya duara, na kila aliyesimama nyuma yangu alikuwa na dawa ya kidole changu. Lainisha kidole. Pumua kwanza. Kaza mkono wa kushoto. Hakuna aliyekitazama kilengeo cha mbele, kile kinundu kilichosimama karibu na mdomo wa bastola, na hicho ndicho kilichokuwa na kosa. Naandika kwa sababu bado nasikia wageni wa mchezo huu wakipewa maneno yaleyale niliyopewa mimi: "Chukua kipana, kinachong'aa, jicho likione haraka."

Bastola yangu ni Glock 17. Vilengeo vyake vya kiwandani ni vya plastiki, cha mbele kina doa jeupe, na kwa mtu wa kujilinda vinatosha. Kwenye mashindano ya IDPA, mchezo wa kupiga shabaha kwa bastola za kujilinda huku ukipimwa muda, hali ni nyingine, maana kila pointi unayopoteza inaongezwa sekunde nzima kwenye muda wako. Basi nikanunua seti ya chuma, kama elfu kumi hivi. Cha mbele kilikuwa na upana wa milimita 3.6 na uzi wa faiba, yaani plastiki inayokusanya mwanga na kuwaka kama nukta, wa kijani, mnene, wa milimita 1.5. Pengo la cha nyuma, ambalo unachungulia cha mbele kupitia humo, lilikuwa milimita 3.8. Vipimo hivyo nilivijua baadaye. Siku ya kununua nilitazama rangi tu, na pale dukani kijani kile kiliwaka kama jicho la paka usiku.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja mstaafu wa jeshi. Alinitazama nikipiga, akaniambia, "Kijana wangu, lete mfuko wa mchanga." Nikaegemeza mikono, nikapiga tano polepole kwa mita 20. Zote chini, zimekusanyika. Akaichukua bastola, akapiga tano zake mwenyewe. Zikaangukia shimo kwa shimo karibu na zangu, sentimita 10 chini ya alipolenga. "Sasa na mimi navuta kwa pupa?" akauliza. Sikuwa na jibu, lakini moyo wangu ulitulia kuliko miezi yote ile.

Hesabu ya kujua urefu wa kilengeo cha mbele umekosea kwa kiasi gani ni ya darasa la saba. Chukua kosa lako kwa milimita, zidisha kwa umbali kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma, gawanya kwa umbali wa shabaha. Glock 17 ina milimita 165 kati ya vilengeo. Mia moja mara 165, gawanya kwa 20,000: milimita 0.8. Risasi zikitua chini, cha mbele ni kirefu mno. Zikipaa, ni kifupi. Fanya hesabu hii kabla ya kumruhusu mtu aguse kidole chako.

Nilidhani nitaokoa pesa kwa kukipunguza urefu kilengeo nilichonacho. Nikakifungua, nikampelekea fundi mmoja wa vyuma kipande chenyewe tu. Alipitisha tupa kwa mkono, nikamlipa shilingi mia mbili. Risasi zilipanda kweli. Lakini paa la tundu la uzi lilibaki jembamba kama karatasi, na ukingo wa juu, ambao ndio unaolengea, ulikuwa umeinama upande na kung'aa kama kijiko kipya. Jua la saa tano likiupiga, ukingo unapotea kabisa, unabaki na mng'ao tu. Shindano zima likaniharibikia hivyo.

Hapo mzee akanifundisha jambo ninalolipenda kuliko yote. Nilivua slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayobeba vilengeo, nikachomoa uzi (usisahau, unayeyuka), kisha jioni nikawasha koroboi. Unapandisha utambi mpaka utoe moshi mzito, unapitisha kilengeo juu ya ncha ya ule moshi, si ndani ya moto, huku unakizungusha. Masizi yanashika taratibu, kwanza kijivu, halafu meusi yasiyorudisha mwanga hata chembe, kama mahameli. Usiguse. Ukigusa, kidole kinaacha alama na unaanza upya. Ala ya bastola nayo inayafuta, kwa hiyo ni kazi ya asubuhi ya shindano.

Kesho yake nikainua bastola, na kwa mara ya kwanza nikaona kingo za kilengeo changu zimekatwa kama kwa wembe. Ndipo nikaona shida yenyewe: kilijaza pengo la nyuma karibu lote. Mwanga wa pembeni, ambao jicho linautumia kujua uko katikati, ulikuwa uzi mwembamba huku na huku. Tena, toka jichoni hadi kilengeo ni kama sentimita 80, kwa hiyo milimita 3.6 zinafunika karibu sentimita 9 kwa mita 20. Duara la kichwani kwenye shabaha ya IDPA lina inchi 4, yaani sentimita 10. Nilikuwa nalenga kitu nilichokifunika mwenyewe.

Nikabadilisha. Cha mbele sasa ni milimita 2.5, kifupi kwa zile 0.8, na uzi mwekundu wa milimita 1. Cha nyuma ni cheusi tupu, pengo lilelile. Nyekundu niliichagua kwa sababu baada ya masika ukuta wa udongo nyuma ya shabaha huota nyasi, na kijani kinamezwa humo. Wembamba wa uzi una sababu pia: nukta kubwa kwenye jua la Februari inavimba machoni, unaanza kulenga kwa nukta badala ya ukingo wa juu, na mdomo wa bastola unainuka bila wewe kujua. Hata huu mwembamba siku za jua kali naupaka kalamu nyeusi ya wino juu, upunguze kunywa mwanga. Julai, mawingu ya Kiambu yakishuka, nukta inafifia, nami napiga kwa kingo nyeusi bila wasiwasi.

Uzi usiukate sawasawa na tundu. Acha ziada ya milimita mbili kila upande, sogeza kiberiti cha gesi karibu bila kuugusa moto, ncha ivimbe kama kofia ya uyoga. Skrubu inayoshika kilengeo nayo, tone moja la gundi ya buluu, ile ya kuzuia skrubu isilegee, linatosha.

Shindano lililopita lilikuwa na vichwa vitatu vya mita 15. Risasi sita, zote ndani ya duara. Mzee aliyahesabu mashimo kwa kidole, akageuka akaniambia, "Na kidole je, kimepona?"